Pikipiki ya Bwana Harusi wa Buigiri

Vijana wangu mliorithi benchi langu na koleo zangu, mmeniuliza mara nyingi ni kazi gani nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka majirani wananichungulia. Nilikuwa nawajibu kwamba nitawasimulia nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo tele, hadi nyingine naigawa. Basi kaeni, na huyo mwenye simu aifunike kwanza.

Mnaniita Bibi Fundi, lakini wakati huo watu wa Makole waliniita Fundi Yunis. Umeme wa pikipiki ndiyo kazi iliyonilea na kunizeesha: taa, honi, stata, chaji, na ule ugonjwa wa "ilikuwa nzima jana". Mambo ya injini niliwaachia wenye mikono ya mafuta. Mafundi wengi wanaukimbia umeme kwa sababu hauonekani. Pistoni ikipasuka unaishika mkononi na kumwonyesha mwenye mali. Waya ukikatika kwa ndani, unaushika mkononi na bado unakudanganya.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Salimu, Msandawe wa Kwa Mtoro, mtu mpole ambaye sikumwona akikimbia hata mvua iliponyesha. Alikuwa na sheria moja iliyonikera sana nilipokuwa msichana. Mteja akifika, huruhusiwi kugusa kitu. Unaweka mikono mfukoni, unauliza. Mpaka mteja amalize kusimulia, mikono haitoki. Shida ni kwamba mimi nilivaa magauni, na gauni langu halikuwa na mifuko. Nikamwambia hivyo nikidhani nimemshinda. Kesho yake alinipeleka kwa fundi cherehani wa jirani, akanishonea aproni ya kaki yenye mifuko miwili mirefu kama ya posta. Nilivaa aproni za namna hiyo mpaka siku niliyostaafu, na sikupata tena kisingizio.

Hiyo aproni ndiyo niliyokuwa nayo asubuhi ile ya Jumamosi, kenta ya zabibu iliposimama mbele ya gereji. Nilikuwa peke yangu. Wenzangu walikwenda Kongwa kufunga sola. Nyuma ya kenta, katikati ya kreti, ilisimamishwa pikipiki kubwa ya safari, ya miaka mingi, yenye kioo kirefu cha mbele, masanduku pembeni, na kiti kipana cha ngozi nyekundu inayong'aa. Kando yake walikuwa wazee wawili. Mmoja alivaa suti nyeusi na ua kifuani, ameshika usukani kama anayemzuia ng'ombe asiruke. Mwingine alivaa miwani ya giza, fimbo nyeupe mapajani, anakula zabibu taratibu.

"Mbukwenyi," alisema yule wa suti. Nikaitikia salamu yake ya Kigogo, tukahamia Kiswahili. "Fundi, naitwa Mika Ndahani, natoka Buigiri. Leo naoa."

"Hongera, kaka Mika. Leo hii, saa ngapi?"

"Mchana huu, kanisani Miyuji. Pikipiki ikikubali."

"Pikipiki haijakataa ndoa," alisema yule mwenye fimbo. "Imekataa safari tu. Mimi ni Mwalimu Yohana, msimamizi wake. Naongoza pia kwaya itakayoimba, kwa hiyo usipotusaidia utakuwa umeharibu mambo mawili."

Dereva wa kenta alitusaidia kuishusha, akakataa soda, akaondoka na zabibu zake kuelekea sokoni. Mimi nikaweka mikono mfukoni.

Lakini kabla ya kuniambia habari za umeme, Mzee Mika alinieleza kwa nini asingeweza kuiacha hiyo pikipiki na kupanda teksi kama watu wengine. Alikuwa mgane, dereva wa malori aliyestaafu. Pikipiki aliinunua kwa mtalii mmoja aliyechoka nayo Kondoa akarudi kwao kwa ndege. Akawa anaiendesha Buigiri mpaka mjini, na katika hizo safari alikutana na Mama Festo.

Mama Festo alikuwa mjane. Aliuza mboga sokoni miaka na miaka, akasomesha watoto wake kwa mchicha na nyanya. Watoto wakawa watu wazima wenye kazi nzuri, wakamtoa sokoni, wakamweka kwenye nyumba yenye vigae Miyuji, na wakamkataza kubeba hata ndoo. Mika alipomwomba waoane, alikubali kwa sharti moja. Akitoka kanisani hatapanda gari lenye maua. Atapanda nyuma ya ile pikipiki, wapite sokoni polepole, wenzake wa zamani wamwone.

"Angetaka ng'ombe ningetafuta ng'ombe," Mzee Mika alisema. "Ametaka hiki kimoja. Nifike na teksi nimwambie nini?"

Mwalimu Yohana akaongeza jambo ambalo bwana harusi hakutaka kulisema. Kijana mkubwa wa bibi harusi, huyo Festo, hakuipenda ndoa, na pikipiki hakuipenda zaidi. Baba na kaka za bibi harusi walishatangulia mbele ya haki. Mchungaji akiuliza ni nani anayemtoa mama huyu kuolewa, wa kusimama ni Festo. Festo alikuwa amesema atakuja kanisani. Kuhusu kusimama, hakusema kitu. Mama yake alishatafuta jirani wa kusimama badala yake, na jioni yake, Yohana aliambiwa, alikaa jikoni akilia bila kutaka kuonekana.

Basi nikaanza maswali yangu.

"Ilizimaje?"

"Ilizima tu," alisema Mzee Mika. "Injini, taa, honi, kila kitu, kama mtu aliyefungwa mdomo. Tukishuka tukaisukuma, inawaka. Tukipanda, tunakwenda kidogo, inazima. Mwisho tukachoka."

"Kuna kitu kimeguswa siku hizi?"

"Hakuna fundi wa umeme aliyeigusa tangu Pasaka."

Mwalimu Yohana akatema mbegu ya zabibu. "Haikuzima tu. Kwenye tuta la kwanza pale Chamwino ilishtuka ikarudi. Tuta la pili ikashtuka tena. Tulipofika matuta ya Ihumwa ndipo ikazima."

"Hukuniambia," alisema Mzee Mika.

"Ulikuwa unaimba." Akanigeukia mimi. "Watu wakiona hatuoni, wanadhani Mungu ametupa masikio ya popo. Mimi masikio yangu ni haya haya ya kawaida. Ila kule nyuma sikuwa na kazi nyingine, na yeye sauti yake si ya kusikiliza."

Sasa sikilizeni ninyi wanafunzi. Pikipiki ikizima injini lakini taa zikabaki, unafikiria swichi ya kuzimia, koili, na ndugu zake. Ikizima kila kitu kwa pamoja, usipoteze muda huko kwenye vichochoro. Nenda barabara kuu: betri, fyuzi kubwa, waya mnene unaokwenda kwenye swichi ya ufunguo, na waya wa athi unaorudi betrini. Kilichokatika kiko kwenye njia wanayopita wote.

Nikainua kile kiti chekundu, nikafungua, nikawasha ufunguo. Kila kitu kikawaka. Nikapima betri: nzima. Fyuzi: nzima. Nikashika kichwa kimoja cha betri, kikacheza kidogo kwenye vidole vyangu. Moyo ukafurahi. Matuta, kichwa cha betri kimelegea, umeme unaruka. Kila kitu kinakubaliana. Nikasafisha, nikakaza, nikapaka grisi, nikarudisha kiti.

Mzee Mika akazunguka nayo Makole peke yake, akapita makusudi kwenye matuta yote anayoyajua na mengine ambayo manispaa haiyajui. Nilimsikia anarudi kabla sijamwona, na Mwalimu Yohana alisema kweli kuhusu sauti yake. Tukashikana mikono. Mwalimu akapanda nyuma, wakaaga, wakafika kwenye mfereji wa pale getini, gurudumu likashuka likapanda, na pikipiki ikafa.

Nilicheka, nawaambia ukweli. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeshafungua chupa ya maji kujipongeza.

"Msishuke," niliwaambia. Nikachukua mita, nikaipachika mbele kwenye swichi ya ufunguo. Mita ikasema umeme upo, karibu wote. Nikajaribu taa: hakuna. Mita inasema upo, taa zinasema haupo. Nikakuna kichwa. Wakashuka ili nione vizuri, na wakati ule ule taa zikawaka zote, honi ikalia kwa sababu Mzee Mika alikuwa bado ameibonyeza, na paka wa jirani akaruka ukuta.

Muda ulikuwa unakwenda. Mwalimu Yohana akaomba nimwitie bajaji. "Nikichelewa, sauti ya nne itaanza yenyewe, na ikishaanza hairudi," alisema. Bajaji ilipofika alinishika bega. "Fundi, mimi nikipanda inaugua, nikishuka inapona. Sitaki kuchukua kwa ubaya, lakini nadhani hii pikipiki hainipendi."

Akaenda zake. Mimi nikabaki na hayo maneno. Nikarudisha mikono mfukoni, nikasimama. Mtu mmoja akipanda, nzima. Wawili wakipanda, mgonjwa. Kiti kikiinuliwa, nzima kabisa. Maana yake kila nilipofungua kuangalia, mimi mwenyewe nilikuwa naufukuza ugonjwa. Ulikuwa chini ya kiti, na ulikuja pale tu kiti kilipokaliwa na watu wawili.

Nikamkumbuka Mzee Salimu. Enzi zake mita ilikuwa kitu cha matajiri. Yeye alikuwa na balbu ya taa ya mbele iliyochomelewa waya mbili ndefu, basi. Nilipopata mita yangu ya kwanza nilimcheka kidogo kwa heshima, naye akaniambia kitu nilichokielewa miaka baadaye. Mita inauliza umeme kama upo. Balbu inaupa kazi. Waya mnene uliobaki na uzi mmoja wa shaba ndani yake utaiambia mita kwamba kila kitu ni salama, kwa sababu mita haina njaa. Balbu kubwa ikidai haki yake, ule uzi mmoja hauwezi. Hili liandikeni, au kama hamwandiki, lishikeni.

Nikatafuta balbu mbili kubwa. Moja nikaifunga pale umeme unapotoka kwenye fyuzi, chini ya kiti, nikautoa waya wake nje pembeni, balbu ikaning'inia pale ninapoiona. Ya pili nikaifunga mbele kwenye swichi ya ufunguo. Nikarudisha kiti mahali pake, nikafunga. Zote mbili zinawaka. Sasa nilihitaji watu wawili wazito wapande na kurukaruka, huku mimi nikiziangalia balbu zangu. Mtu mmoja nilikuwa naye, amevaa suti na ua.

Hapo ndipo lilipofika gari jeupe safi, na akashuka mwanamume wa makamo, mwili umejengeka, shati jeupe, tai ya bluu.

"Shikamoo mama," aliniambia.

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia bwana harusi, akapoa. "Shikamoo mzee. Mama amenituma. Anasema simu yako haipatikani."

"Marahaba, Festo. Nilikuwa naichaji kwenye pikipiki," alisema Mzee Mika, akaitoa mfukoni ikiwa imezima kama mwenzake.

Festo aliitazama pikipiki, waya zinaning'inia huku na huku, balbu mbili zinawaka mchana kweupe. Sikuona furaha mbaya usoni mwake. Niliona mtu aliyetua mzigo. "Basi imekuwa heri," alisema. "Tupande gari, twende. Hii ibaki hapa kwa mama fundi, mtaifuata siku nyingine. Mama ataelewa."

Mzee Mika alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha mbele kwa kitambaa chake cha mfukoni, mahali pale pale, tena na tena. Mimi nikamtazama Festo kuanzia viatu mpaka mabega.

"Una kilo ngapi, mwanangu?"

"Samahani, mama?"

"Umeshiba vizuri, ndicho ninachotaka kujua. Panda nyuma ya mzee."

"Mama, mimi sijaja kupanda."

"Haiendi popote. Iko kwenye stendi. Nipe muda wa kunywa chai tu, nikishindwa mtaondoka na gari lako na mimi nitakwenda mwenyewe kumweleza mama yako."

Nadhani hiyo ahadi ya mwisho ndiyo iliyompandisha. Akatupa tai begani, akapanda. Kiti kilikuwa kipana lakini si kwa watu wasiozungumza. Alijaribu kukaa bila kumgusa mzee, akashindwa kupata pa kushika.

"Mshike kiuno," nilisema. "Halafu mruke. Juu, chini, kama mnapita tuta."

Wakaruka. Mwendesha bodaboda mmoja alipunguza mwendo akauliza kama tunarekodi video. Nikampungia aende. Balbu zangu zote zinawaka. "Endeleeni," nikasema, nikachutama kati ya balbu na balbu, shingo inakwenda huku na kule.

Mtu akiwa nyuma yako haoni uso wako, na wewe huoni wake. Labda ndiyo maana Festo alisema pale alichoshindwa kusema sebuleni kwao.

"Mzee, mama yangu alitubeba mgongoni sisi wote. Na mboga kichwani. Mimi nataka apumzike tu. Ni kosa?"

"Si kosa," alisema Mzee Mika, akiruka. "Amepumzika. Amepumzika mpaka amechoka."

"Ukimwangusha je?"

"Nitakuwa nimeanguka naye."

"Hilo halinisaidii."

"Najua. Lakini siwezi kukuambia uongo siku ya leo." Mzee akaruka tena. "Anaongea habari zenu mpaka namwomba tubadilishe mazungumzo. Haondoki kwenu, Festo. Anataka tu kwenda mahali, halafu arudi awasimulie."

Niliona Festo alivyokaa: uzito wake wote ukashuka kwenye kiti, kama mtu anayeacha kujizuia. Na wakati ule ule balbu ya mbele ikazima. Ile ya chini ya kiti ikabaki inawaka kama macho ya paka.

"Tulieni hapo hapo," nilisema. "Msipumue."

Wakatulia, mmoja amemkumbatia mwenzake kiuno, jua la Dodoma linawachoma migongo. Umeme unatoka kwenye fyuzi, kwenye swichi haufiki. Katikati kuna urefu wa mkono mmoja tu wa waya, na wote umepita chini ya kiti. Nikawaambia washuke, nikaondoa kiti, nikaushika ule waya mnene kati ya vidole viwili na kuutembelea polepole, nikiukunja kidogo kidogo. Waya mzima unakataa kukunjika, una ubishi. Nilifika mahali ukalegea mkononi mwangu kama tambi iliyoiva. Kwa nje ngozi yake ilikuwa nzima, nyekundu, haijatoboka. Nikaichana kwa kisu. Ndani shaba yote ilikuwa imekatika, umebaki uzi mmoja mwembamba kama unywele, umeshikilia safari nzima kutoka Buigiri.

Nikakigeuza kiti. Chini yake kulikuwa na ubao mpya, na ncha ya boliti imechomoza. Imeng'aa kwa kuukandamiza na kuusugua ule waya.

"Kaka Mika, nani ametengeneza hiki kiti?"

"Ni zawadi," alisema, akatabasamu hata katika hali ile. "Mama Festo amekishonesha upya kwa ajili ya leo. Ameweka sponji nene."

"Nilikuuliza kama kuna kitu kimeguswa."

"Uliniuliza habari za umeme, fundi. Kiti si umeme."

Hapo nikajifunza kitu, na umri wangu wote ule. Tangu siku hiyo sikumwuliza tena mteja kimetengenezwa nini. Nilimwuliza kipya ni kipi. Mtu atakuambia kofia, atakuambia stika, atakuambia amehamia nyumba yenye kilima. Sikiliza yote, moja kati ya hayo ndilo.

Festo alikuwa amesogea, anakitazama kiti kwa mshangao. Akaigusa ile ngozi nyekundu. "Ngoja kwanza," alisema. "Hiki kiti nimekibeba mimi."

"Umekibeba wapi?" aliuliza Mzee Mika.

"Kwenye buti la gari langu. Mama alinituma nikipeleke kwa fundi viti. Akaniambia ni kiti cha rafiki yake mwenye mgongo mbaya, na nimsisitize fundi aweke ubao imara na boliti ndefu. Nikasisitiza." Akashika kiuno. "Nilisisitiza sana. Fundi alitaka kuweka fupi."

Sijui nani alianza. Nadhani ni Mzee Mika, kwa sauti yake ile. Festo aliinama akashika magoti, anacheka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, na kila alipojaribu kunyooka alikiona kiti akaanza upya. Mimi nilikaa kwenye kreti nikajifuta macho kwa aproni.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Nikakata mahali pabovu, nikaunga waya mpya, nikachomelea kwa risasi, nikaufunika vizuri, na nikaupitisha njia ya upande wa pili wa fremu ambako hakuna kiti kinachofika. Festo ndiye aliyenishikia ncha za waya nilipochomelea, mikono ya shati imekunjwa. Ile boliti tuliikata kwa msumeno wa chuma, yeye na mzee wakipokezana. Sponji ya Mama Festo sikuigusa.

Nikasema sasa wakajaribu, wawili, na matuta yote. Nilitegemea Festo aniambie amechoka au amechelewa. Akapanda nyuma ya mzee bila kuambiwa. Niliwasikia wakizunguka mtaa wa nyuma, wakapita kwenye mfereji wa getini, injini ikinguruma sawasawa, hata haikupepesa. Waliporudi tai ya Festo ilikuwa imezungukia mgongoni na macho yanamtoka machozi ya upepo.

"Tuzunguke tena mara moja," alisema. "Ili tuhakikishe."

Nikamwambia hakuna haja. Akasema yeye angependa kuhakikisha.

Sikupata muda wa kubadili nguo. Festo alinifungulia mlango wa gari lake jeupe, nikaingia na aproni yangu, tukamfuata bwana harusi mpaka Miyuji, matuta yote. Kwaya ilikuwa inaimba tulipoingia, kila sauti mahali pake, na Mwalimu Yohana mbele anaongoza kwa kidole kimoja. Alikuwa amesikia mlio wa pikipiki nje, akawarudisha waimbaji mwanzo wa ubeti ili mzee apate kuingia. Niliambiwa baadaye ilikuwa mara ya nne kuurudia, alikuwa anamvutia bwana harusi muda.

Mama Festo alikuwa mwanamke mfupi mwenye tabasamu la mtu anayejua bei ya kila kitu na ameamua kukupunguzia. Alivaa gauni la rangi ya maziwa. Alimtazama Mika, akatazama mafuta kwenye kola ya shati lake, akaridhika.

Mchungaji alipouliza ni nani anayemtoa mama huyu kuolewa na mwanamume huyu, yule jirani aliyeandaliwa alianza kuinuka, mkono kwenye mgongo wa benchi. Mama Festo alikuwa anatazama sakafu. Kisha tukasikia viatu. Festo alitoka kwenye mstari wa nyuma tulipokuwa tumekaa, akapita katikati ya kanisa, mikono ya shati bado imekunjwa, akasimama kando ya mama yake.

"Ni mimi," alisema. "Mwanawe."

Mama yake hakumtazama mara moja. Alimshika mkono, akaugeuza, akaiona ile alama nyeusi ya msumeno na mafuta kwenye kiganja. Akaifuta kwa kidole gumba chake, na gauni lile likapata doa, na hakuna aliyejali.

Nje, watu wote walikuja kuizunguka pikipiki. Akina mama wa sokoni waliokuja kanisani walishatangulia kwenda kuwaambia wenzao wajipange. Mzee Mika akawasha, nami nikasikiliza kwa mazoea, ilikuwa salama. Festo alimsaidia mama yake kupanda, akampangia gauni lisifike kwenye gurudumu. Akamvisha helmeti juu ya maua ya kichwani, akafunga mkanda chini ya kidevu, akapitisha kidole kuona kama haumkabi.

"Nendeni polepole," alisema.

Mama Festo akakaa sawasawa kwenye ile sponji nene, akamshika mumewe kiuno, akamjibu kwamba hilo hawezi kuliahidi.